Pikipiki ya Lami na Porini Utakayoiinua Peke Yako

Siku niliyoielewa pikipiki ya porini sikuwa juu yake, nilikuwa chini yake. Tope limefika kwenye ekzosi, mguu wa kushoto umebanwa, na hiyo ilikuwa mara ya nne kuanguka ndani ya nusu saa. Mara ya kwanza niliiinua nikicheka. Ya pili nilihema. Ya tatu nilikaa chini kwanza. Ya nne niliivuta kwa kamba ya begi, shubiri kwa shubiri, huku nikiapa kwamba nikitoka hapo naitafutia mnunuzi. Ilikuwa na nguvu ya kupita lori lolote mlimani, na uzito wa kilo 200 na ushei. Niliyoinunua baada yake haina hata nusu ya nguvu hiyo, na imenifikisha mahali ambapo ile isingethubutu.

Kwa hiyo nina kipimo kimoja, na kila hatua hapa chini itarudi kwake: unaweza kuiinua peke yako, ukiwa umechoka, mara tatu mfululizo? Kama jibu ni hapana, shughulikia uzito kabla hujagusa kitu kingine.

Pikipiki ninayoizungumzia ina taa, vioo, indiketa na namba, kwa hiyo lami ni halali yake, lakini ina shokapu ndefu, magurudumu membamba yenye spoki, na tumbo lililokaa juu ya mawe. Si uvumbuzi wa jana. Yamaha ilipotoa DT-1 mwaka 1968, yenye injini ya mipigo miwili ya 250 cc, mtu wa kawaida aliweza kununua chombo kimoja cha kwendea kazini na cha kuzururia vijiani. Honda ikaja na XL250 ya mipigo minne mwaka 1972. Sura ya msingi haijabadilika sana tangu wakati huo: silinda moja, mwili mwembamba, tairi la mbele la inchi 21.

Hatua ya 1: Chagua kwa kilo, cc baadaye

Uzito ulioandikwa na mtengenezaji usiuchukue kichwakichwa. Wapo wanaoandika uzito mkavu, yaani bila petroli wala oili. Unaokuhusu wewe ni wa pikipiki iliyo tayari kuondoka, tangi limejaa. Honda CRF300L, kwa mfano, ina kilo 142 kwa hesabu hiyo. BMW R 1250 GS, ambayo ni pikipiki kubwa ya safari ndefu, ina 249. Hapo katikati kuna kilo 107, sawa na kubeba abiria mnene asiyeshuka kusukuma.

Kwa ukubwa wa injini, kati ya 150 cc na 300 cc panatosha watu wengi. Ya 150 itakupeleka popote porini lakini itakuchosha kwenye lami ndefu, maana itakuwa inalia juu kabisa ya nguvu zake na malori yanakupumulia mgongoni. Ya 250 au 300 inakaa kwenye kilomita 90 kwa saa bila kulalamika. Zaidi ya hapo unaanza kulipa kwa kilo. Kama utaishi zaidi kwenye vijia vya polepole, injini inayopozwa kwa hewa ina faida moja kubwa: haina radieta ya kutobolewa na jiwe. Kama lami ni nyingi, inayopozwa kwa maji inavumilia mwendo wa muda mrefu vizuri zaidi. Kabureta au injeksheni? Injeksheni haijali urefu wa mlima, lakini inahitaji betri yenye uhai. Kabureta unaifungua porini kwa bisibisi na subira. Zote nimezitumia, na siwezi kugombana na mtu kwa ajili ya hilo.

Urefu wa kiti unawatisha wengi kuliko unavyostahili. Kiti cha milimita 880 kinasikika kama ghorofa, ila shokapu laini hukaa chini ukipanda, na kiti chenyewe ni chembamba. Huhitaji nyayo zote mbili kulala chini. Ukiweza kuweka nusu ya mbele ya mguu mmoja ardhini huku makalio yamesogea kidogo upande, inatosha. Mwenye miguu mifupi kweli aitafute iliyo fupi tangu kiwandani, kabla ya kuanza kukata springi.

Kisha ufanye jaribio ambalo wauzaji hawalipendi. Omba ruhusa, ilaze pikipiki taratibu kwenye nyasi au juu ya godoro kuukuu, uiinue. Pumzika kidogo. Rudia. Mara ya tatu ndiyo itakayokuambia ukweli, kwa sababu mara ya kwanza kila mtu ana nguvu za kuonekana.

Kama ni iliyotumika, ichunguze kwa mikono zaidi ya macho. Inua gurudumu la mbele hewani na ugeuze usukani polepole: ukihisi inakwama kidogo katikati, kama kuna kishimo, beringi za usukani zimekwisha. Shika tairi la nyuma ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, ni beringi za gurudumu au za swingamu, yaani ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Gonga kila spoki kwa mpini wa bisibisi. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Halafu vua chujio la hewa na upitishe kidole ndani ya bomba la upande wa injini. Ukikuta vumbi upande huo, ondoka. Vumbi lililovuka chujio limekwishapita kwenye pistoni, na bei nzuri haitalitoa.

Hatua ya 2: Ipange ikukae mwilini

Pikipiki hutoka kiwandani imepangwa kwa mtu aliyekaa. Porini utasimama. Kwa hiyo ipandishe kwenye stendi imara, simama juu ya vikanyagio ukiwa na buti, magoti yamekunjwa kidogo, na ushike usukani. Mikono ya klachi na breki inapaswa kushuka kiasi kwamba vidole vyako vinaifikia bila kupinda kiganja. Zilegeze bolti, zungusha, kaza tena. Hapo ndipo wengi hukosea: wanakaza kwa nguvu zote. Kaza kiasi kwamba mkono wa klachi ukipigwa na ardhi unazunguka badala ya kuvunjika. Mimi huzungusha tepe ya teflon, ile ya mafundi bomba, kwenye usukani chini ya kishikizo, kisha nakaza kawaida. Inateleza inapobidi na inakaa inapobidi.

Pedeli ya gia ipandishe kama buti haliingii chini yake vizuri. Pedeli ya breki ishushe kidogo ili ukisimama usiwe unaikanyaga bila kujua. Kazi hizi mbili ni za dakika kumi.

Shokapu ya nyuma inahitaji muda zaidi na rafiki mmoja. Inua pikipiki hadi gurudumu la nyuma lining'inie, kisha pima wima kutoka kwenye ekseli hadi alama uliyoichora kwenye madigadi. Tuseme umepata milimita 600. Shusha, panda na vifaa vyako vyote, simama kwanza kisha ukae, rafiki apime tena. Akipata 520, umezama milimita 80. Lengo ni karibu theluthi moja ya mwendo mzima wa shokapu. Kwa shokapu yenye mwendo wa milimita 260, hiyo 80 ni nzuri, na 85 pia ni nzuri. Ukizama 120, kaza springi. Ukilazimika kuikaza hadi pikipiki ikiwa peke yake haizami hata kidogo, springi hiyo ni laini kwako, badilisha springi yenyewe. Pikipiki iliyozama sana nyuma hunyanyua pua, na kona za changarawe inazikataa.

Hatua ya 3: Ondoa kabla ya kuongeza

Hapa ndipo watu huharibu pikipiki nzuri. Wananunua kilo 140 kisha wanafunga masanduku ya bati, vyuma vya kulinda tangi, kioo kirefu cha upepo, taa nne za ziada, na katika miezi sita wamerudi kwenye uzito walioukimbia. Msiba wa kujitakia hauna kilio, na huu utauinua kwa mgongo wako.

Vya lazima kwa maoni yangu ni viwili. Kwanza, sahani ya kulinda tumbo la injini, kwa sababu jiwe moja linaweza kupasua kava na kumwaga oili yote ukiwa mbali. Pili, vikinga mikono vyenye chuma ndani, vilivyofungwa pande zote mbili za usukani. Vile vya plastiki tupu vinazuia upepo na matawi tu. Kama ina radieta, ilinde nayo. Basi.

Mizigo iwe ya mabegi laini, si masanduku magumu. Sanduku gumu likikuangukia mguuni halipindi, unapinda wewe. Vitu vizito, kama spana na tyubu, viweke chini na karibu na katikati. Begi zito juu ya mkia hufanya gurudumu la mbele liwe jepesi na usukani uanze kuwayawaya mchangani.

Hatua ya 4: Matairi na upepo wake

Ukiwa na fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu, badilisha matairi. Hakuna kitu kingine kinachobadilisha pikipiki kiasi hicho kwa saa moja ya kazi.

Matairi ya meno makubwa hushika tope na mchanga, lakini kwenye lami yenye maji ni ya kuogopa, kwa kuwa mpira unaogusa barabara ni kidogo na meno yanapinda ukifunga breki. Pia yanaisha upesi. Yale ya katikati, yenye meno mafupi yaliyokaribiana, hufanya kila kitu wastani. Ushauri wangu kwa anayeanza: mbele weka la meno zaidi, nyuma la wastani. Gurudumu la nyuma likiteleza unajifunza kitu; la mbele likiteleza unaanguka. Hakikisha tu kwamba tairi limeidhinishwa kwa barabara, maana yapo ya mashindano yasiyoruhusiwa kwenye lami.

Sasa upepo. Kwa lami fuata kitabu cha pikipiki yako. Kwa nyingi nyepesi ni karibu na psi 22 tairi likiwa baridi. Ukiingia kwenye vumbi na changarawe, shusha hadi 16 au 18. Utashangaa. Tairi lililokuwa linadunda juu ya kila kijiwe linaanza kulala juu yake, na mikono inaacha kufa ganzi. Mchanga mzito unataka kidogo zaidi, 13 au 14. Mawe makali yanataka kinyume: usishuke chini ya 18, la sivyo rimu itabana tyubu juu ya jiwe na kukuachia matundu mawili yaliyokaa jozi kama meno ya nyoka.

Ukishuka chini ya 15 unahitaji kibano cha tairi, kile kipande cha mpira na bolti kinachokandamiza ukingo wa tairi kwenye rimu. Bila hicho, ukivuta mafuta kwa nguvu tairi huzunguka peke yake juu ya rimu, tyubu inafuata, na shina la valvu linang'oka. Angalia shina la valvu kila asubuhi. Likiwa limesimama wima, salama. Likianza kuinama upande mmoja, tyubu inahama. Na ile nati ndogo kwenye shina usiikaze kwenye rimu kama wafanyavyo watu wengi. Ipandishe juu mpaka igusane na kifuniko. Hivyo shina lina nafasi ya kuinama na kukuonya. Ukiikaza, onyo la kwanza litakuwa tyubu iliyochanika.

Ukirudi kwenye lami, jaza tena. Tairi laini kwenye mwendo wa kasi hupata joto, na pikipiki huogelea kwenye kona. Kwa hiyo pampu ndogo na geji ya upepo si anasa.

Hatua ya 5: Sproketi, kwa anayehitaji

Kama gia ya kwanza ni ndefu mno kwa mwendo wa kutembea, na unajikuta unashikilia klachi nusu kila penye mawe, punguza jino moja kwenye sproketi ya mbele, ile gia ndogo inayovuta cheni. Kutoka meno 14 mbele kwa 40 nyuma kwenda 13 kwa 40, uwiano unatoka 2.86 kwenda 3.08. Kupata karibu kitu hichohicho kwa sproketi ya nyuma ungelazimika kuongeza meno matatu, na pengine cheni isingetosha. Kwenye lami injini italia juu kidogo. Ukikaa barabarani zaidi kuliko porini, acha kama ilivyo.

Hatua ya 6: Jifunze kusimama

Kabla ya kijia chochote, tafuta uwanja mtupu wa vumbi na utumie saa mbili. Simama kwenye vikanyagio, uzito wote uwe miguuni, magoti yameishika pikipiki kidogo tu, viwiko nje, macho mbali. Mikono iwe myepesi. Nina jaribio la kujipima: ukiwa umesimama kwenye mwendo wa polepole, fungua vidole vyote, viganja viguse tu usukani. Ukihisi unaanguka nyuma au mbele, mwili wako hauko katikati. Sogeza makalio mpaka usihitaji kujishikilia. Ukipapata mahali hapo, umepata kitu ambacho nguvu za injini hazinunui.

Kisha fanya mazoezi ya breki. Kidole kimoja au viwili kwenye breki ya mbele, kwenye changarawe, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Bonyeza taratibu, usikie tairi linavyoanza kubana ardhi, ongeza kidogo, achia. Wengi huiogopa breki ya mbele porini kwa sababu waliwahi kuikamata ghafla kwenye kona. Ukiwa wima na unaibana polepole, ndiyo inayosimamisha. Ya nyuma ifunge kabisa makusudi, uone mkia unavyoteleza, ili siku ukiteleza bila kukusudia usishtuke. Pikipiki yenye ABS, mfumo unaozuia breki isifunge gurudumu, mara nyingi ina swichi ya kuizima nyuma. Izime porini, na ukumbuke kuiwasha tena ukirudi kwenye lami.

Kona za polepole zinapingana na za lami. Kwenye lami unalala pamoja na pikipiki. Kwenye vumbi, pikipiki inalala, wewe unabaki wima, na uzito unaukanyagia kikanyagio cha nje.

Hatua ya 7: Ardhi mbalimbali

Changarawe haihitaji hotuba. Pikipiki itacheza chini yako, iache icheze. Usishike kwa nguvu, usifunge mafuta ghafla, chagua mkondo wa matairi ya magari mahali changarawe ilipokandamizwa.

Mchanga ni mwalimu mkali. Kosa la kila mtu ni lile lile: gurudumu la mbele linaanza kuhangaika, dereva anaogopa, anafunga mafuta, uzito wote unarukia mbele, gurudumu linachimba, anaruka juu ya usukani. Fanya kinyume. Kabla ya kuingia, shuka gia moja, simama, sogeza makalio nyuma kidogo, na vuta mafuta yakae yanasukuma muda wote. Gurudumu la mbele likiwa jepesi linaelea. Uelekeze kwa miguu na kwa macho. Ukitaka kupunguza mwendo, punguza kidogo kidogo, na ukitaka kusimama, acha mchanga ukusimamishe, usitumie breki ya mbele.

Kwenye tope la mfinyanzi uangalie zaidi nafasi kati ya tairi na madigadi ya mbele. Likijaa hapo, gurudumu linakwama kabisa. Pikipiki zenye madigadi iliyoinuliwa juu hazina tatizo hilo sana. Zenye madigadi ya chini, beba kijiti cha kuchokolea.

Mlima unahitaji uamuzi wa chini, si wa katikati. Angalia njia yote, chagua gia, mara nyingi ya pili, kusanya mwendo chini, kisha panda kwa mafuta ya kutulia, kifua mbele. Kama imekushinda na injini imezimika katikati, breki ya mbele peke yake haitakushikilia, kwa sababu uzito wote umelala nyuma na gurudumu la mbele litateleza tu. Iache ndani ya gia ya kwanza, injini imezimwa. Sasa mkono wa klachi umekuwa breki ya nyuma: ukiuvuta kidogo pikipiki inarudi nyuma, ukiuachia inasimama. Rudi kwa vipande vya futi moja, ukiigeuza ikae kukingama mlima. Hapo washa, shuka, jaribu tena. Mtu mwenye kilo 140 anafanya hivi peke yake. Mwenye 249 anasubiri wenzake.

Mto, upite kwa miguu kwanza. Kama hutaki kulowesha buti kwa kutembea, je utafurahi kulowesha injini? Pima kina kwa mguu wako: maji yakifika kitovu cha gurudumu, endelea kwa uangalifu, yakikaribia mdomo wa hewa, tafuta kivuko kingine au isukume injini ikiwa imezimwa. Ingia polepole kwa gia ya kwanza, mafuta ya kutulia, macho ng'ambo. Ukianguka, kitu cha kwanza mkono wako ukigonge ni swichi ya kuzimia. Maji hayabaniki kama hewa. Yakiingia kwenye silinda injini ikiwa inazunguka, fimbo ya pistoni inapinda.

Na kama injini imekunywa maji, usijaribu kuiwasha hata mara moja. Itoe nje, vua chujio la hewa ulikamue, fungua plagi. Isimamishe kwa gurudumu la nyuma ili ekzosi imwage maji. Pikipiki nyepesi inakubali, na hapo utaishukuru tena. Kisha ukiwa umefungua mafuta mpaka mwisho na plagi iko nje, waya wake umewekwa mbali na tundu, piga stata au kiki mpaka maji yaache kuruka. Tazama oili kwenye kidirisha. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ibadilishe kabla ya kuendesha.

Hatua ya 8: Kuiinua

Zima injini. Kama iko kwenye mteremko, izungushe ikiwa imelala mpaka magurudumu yaelekee chini, ili uiinue kutoka upande wa juu. Iache ndani ya gia isikimbie. Geuza usukani uelekee upande ilikolalia, shika mpini wa chini kwa mikono miwili, kunja magoti, mgongo wima, sukuma kwa miguu. Kabla hujaanza, hema mara kumi. Kuinua kwa hasira mara baada ya kuanguka ndiko kunakokatisha misuli ya mgongo. Ikisimama, angalia kama mkono wa mafuta unarudi wenyewe ukiuachia, kisha mikono ya breki na klachi, kabla ya kuwasha.

Hatua ya 9: Vifaa na pancha

Beba spana za bolti za pikipiki yako tu. Njia ya kuzijua: fanya matengenezo yote nyumbani ukitumia mfuko wa safarini peke yake. Utakachokosa, ongeza. Ambacho hukukigusa, toa. Ongeza kiungo cha cheni, mkono mmoja wa klachi, waya, vibanio vya plastiki na gundi ya epoksi ya kuziba kava. Tyubu ya akiba beba moja ya inchi 21. Kwa dharura inaingia hata kwenye rimu ya nyuma ya 18, imekunjana kidogo, na itakufikisha.

Pancha yenyewe ijaribu nyumbani kabla haijakukuta njiani. Toa gurudumu, toa upepo wote, kanyaga ukingo wa tairi kwa kisigino mpaka uachane na rimu. Siri nzima iko hapa: ukiwa unachokonoa upande mmoja kwa liva, upande wa pili wa ukingo lazima uwe umezama kwenye mfereji wa katikati wa rimu. Ukiwa umezama, tairi linatoka kwa mkono mwepesi. Usipozama, utapinda liva na kutukana. Tumia maji ya sabuni. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi uutafute mwiba ulioleta shida, maana bado umo. Tyubu itie upepo kidogo ipate umbo, ndipo uiingize, na liva isiguse mpira wakati wa kufunga. Mara ya kwanza ilinichukua saa mbili na nikatoboa tyubu mpya. Sasa ni dakika 25.

Hatua ya 10: Ukirudi

Osha siku hiyohiyo, tope halijakauka. Maji ya kasi yasielekezwe kwenye beringi za magurudumu, usukani wala swingamu. Yanasukuma grisi nje na kuacha maji ndani.

Chujio la sponji lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, likauke kivulini, kisha lipake oili ya chujio, ulikande mpaka rangi iwe moja. Petroli huyeyusha gundi inayoshika viungo vyake, kwa hiyo iache. Safari ya vumbi jingi, kila siku. Oili ya injini iwe yenye alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki, kwa sababu klachi inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo, na baadhi ya oili za magari hulainisha mno mpaka klachi iteleze.

Cheni usiipime kwa macho ikiwa kwenye stendi tu. Cheni hukaza zaidi pale sproketi ya mbele, mhimili wa swingamu na ekseli ya nyuma vinapokaa kwenye mstari mmoja, yaani ukiwa umekalia. Mwambie mtu mzito akalie mpaka vitatu hivyo vilingane, na hapo cheni ibaki na mchezo kidogo. Ikikaza kabisa, inavuta beringi ya sproketi kila unapopita shimo. Lainisha ikiwa bado na joto la safari, zungusha gurudumu kwa mkono, injini imezimwa. Vidole vingi vimepotea kati ya cheni na sproketi kwa sababu mtu aliona ni haraka zaidi kuiweka gia.

Malizia kwa kugonga spoki, ukianzia kwenye valvu na kurudi kwenye valvu. Ukikuta tatu zimelegea kwenye gurudumu jipya, kaza robo mzunguko kila moja, na rudia kuzikagua baada ya safari ijayo.